Mwacheni Rubani Augue

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Kabla hujakimbilia ukurasa wa vitendawili, ambao najua ndio unaoutafuta, nipe dakika chache tuongee juu ya watu ambao wengi wetu hutamani kuwa kama wao. Ingia darasa lolote la Kidato cha Kwanza uulize nani anataka kuwa nani, hutakosa watano wa kupaza sauti, "Rubani!" Tunaiona kofia, tunaiona mistari ya dhahabu mabegani, na mshahara nao tunauona kwa mbali. Jambo moja hatulioni. Rubani ni mfanyakazi anayeweza kuamka na mafua tu, mafua haya haya yetu ya mwezi wa Julai, na sheria ikamkataza kwenda kazini.

Si utani. Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga, zilizomo katika viambatisho vya Mkataba wa Chicago wa 1944 ambao Kenya nayo inaufuata, zinasema kuwa mwenye leseni asirushe ndege anapojua kwamba afya yake imepungua kiasi cha kumzuia kufanya kazi hiyo kwa usalama. Tazama vizuri hapo. Anapojua yeye. Si meneja, wala si daktari. Ni kweli kwamba kila mwaka hupimwa na daktari aliyeidhinishwa, akakaguliwa macho, masikio na moyo, kisha akapewa cheti cha afya cha daraja la kwanza. Akishapita miaka 60 hupimwa kila baada ya miezi sita. Lakini kati ya kipimo kimoja na kingine kuna siku tele ambazo daktari wa kwanza wa rubani ni yeye mwenyewe.

Kwani mafua yana nini? Ndege ikiwa juu futi 35,000, hewa ya ndani huwekwa iwe kama ya mahali palipo futi 6,000 hadi 8,000, tuseme kama ya Eldoret hivi. Ikianza kushuka kuelekea Mombasa, hewa inazidi kuwa nzito, na aliyezibwa pua hawezi kuisawazisha ile iliyo ndani ya sikio lake. Atapata maumivu makali, pengine kizunguzungu, hata ngozi ya sikio yaweza kupasuka. Na hayo yote yanamfika wakati ule ule anapoitafuta njia ya kutua, na watu 150 wako nyuma yake wanafunga mikanda. Haya, ameze Piriton? Wewe mwenyewe unajua Piriton inavyotulaza darasani saa nane mchana.

Basi hapo ndipo ugomvi unapoanza. Rubani akipiga simu alfajiri kusema, "Leo siwezi," ndege inakwama, abiria wanawaka moto, na kampuni inahangaika kumtafuta rubani wa akiba. Mkubwa wa ofisi anafungua faili. Kumbe huyu ameugua mara nne mwaka huu, tena mara mbili ilikuwa Ijumaa! Yako mashirika ya ndege duniani yanayohesabu siku za ugonjwa za kila rubani, na aliyezidisha huitwa ajieleze. Akitoka huko na barua mkononi, mara ijayo pua ikiziba atafanya nini? Atavaa kofia yake aende.

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii tumeiandikia insha mpaka wino ukatuishia, na kila mara lawama zote tunamtwika huyo mficha maradhi. Mimi leo nauliza swali ambalo katika insha zetu hatuliulizi. Ni nani aliyemfundisha kuficha?

Tarehe 24 Machi 2015, ndege ya kampuni ya Germanwings aina ya Airbus A320 iliondoka Barcelona, Hispania, ikielekea Düsseldorf, Ujerumani. Ndani yake mlikuwa na watu 150. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi 16 na walimu wao wawili wa shule moja ya mji wa Haltern am See. Walikuwa wanajifunza Kihispania, na walikuwa wanarudi nyumbani baada ya kuwatembelea wanafunzi wenzao huko Hispania. Yaani ilikuwa safari ya lugha, kama zile ambazo chama chetu hupanga. Angani, nahodha alitoka kwenda msalani. Rubani msaidizi, kijana wa miaka 27, akaufunga mlango kwa ndani, akaiamuru ndege ishuke, nayo ikashuka mpaka ikajipigiza kwenye milima ya Alps, Ufaransa. Hakupona hata mmoja.

Ripoti ya wachunguzi wa Ufaransa ilitoka Machi 2016, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kijana huyo alikuwa ameugua sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, tangu wakati wa mafunzo yake, akatibiwa, akarudi. Mwishoni mwa 2014 dalili zikaanza tena. Alizunguka kwa madaktari kadhaa. Wiki mbili kabla ya ajali, daktari mmoja alipendekeza alazwe katika hospitali ya magonjwa ya akili. Madaktari walimwandikia vyeti vya kumpumzisha kazini, lakini si vyote vilivyofika kwa mwajiri. Nyumbani kwake vilikutwa vyeti vilivyochanwa, kimojawapo kikiwa cha siku ile ile ya safari. Hebu fikiria! Dawa ya kuwaokoa watu 149 ilikuwa kipande cha karatasi, na mwenyewe alikichana.

Ripoti hiyo inaeleza pia mambo ya pesa. Alikuwa amekopa yuro 41,000 hivi za kulipia mafunzo. Cheti chake cha afya kilikuwa na alama ya masharti kwa sababu ya ule ugonjwa wa zamani, na yeye mwenyewe aliandika kwamba alama hiyo ilimzuia kupata bima ya kumlinda iwapo angepoteza leseni. Kwa hiyo kusema "mimi mgonjwa" kulikuwa sawa na kusema "nichukulieni kazi yangu, na deni mniachie."

Msinielewe vibaya. Simtetei. Wagonjwa wa sonona ni wengi mno duniani, na karibu wote hawatamdhuru hata sisimizi. Alilolifanya kijana yule halina udhuru. Lakini marubani wanaoficha hawakuishia kwake. Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa 2022 uliwauliza marubani zaidi ya 3,700, na asilimia 56 walikiri kwamba wamewahi kukwepa matibabu au kumficha daktari jambo kwa hofu ya kupoteza cheti. Zaidi ya nusu, jamani! Hao si wauaji. Ni baba na mama za watu wanaolipa karo na kodi ya nyumba.

Sasa najua wapo watakaodakia, "Si unaona? Marubani wachunguzwe zaidi, na siku zao za ugonjwa zihesabiwe moja moja!" Ndugu yangu, unachanganya mambo mawili. Kuipima afya ya rubani ni jambo moja, na hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Kumshuku kwa sababu ameugua ni jambo jingine. Anayepima afya atafute ugonjwa autibu. Anayehesabu siku anatafuta mwongo amwadhibu. Ukiwaweka hao wawili katika ofisi moja, rubani atawakimbia wote wawili.

Nitakuwa mnafiki nikisema kuwa marubani wote ni malaika. Mwishoni mwa Septemba 2016, kampuni ya TUIfly ya Ujerumani ilitangaza mipango ya kubadilisha muundo wake. Wafanyakazi hawakupendezwa. Ghafla bin vuu, wakaanza kuugua! Kwa kawaida ni kama asilimia 10 tu walikuwa wakikosa kazi kwa ugonjwa, lakini siku zile idadi ya marubani waliojiita wagonjwa ilifika hadi asilimia 89. Ni ugonjwa gani huo unaoshika kwa tangazo la ofisi? Safari zikavunjika, abiria wakabaki viwanjani na watoto wao. Aprili 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mgomo wa namna hiyo hauiondolei kampuni wajibu wa kuwafidia abiria, kwa sababu chanzo chake kilikuwa uamuzi wa kampuni yenyewe. Uamuzi ni mzuri kwa abiria. Hata hivyo, rubani anayetumia ugonjwa kama silaha ya mgomo anamwibia mwenzake mgonjwa kitu kikubwa, nacho ni kuaminiwa. Kama ni mgomo, ugomeni waziwazi.

Na tusiwacheke, kwa maana sisi wenyewe tunawajua wanaougua asubuhi ya mtihani wa hesabu na kupona kengele ya michezo ikilia. Katika shule moja niliyowahi kusoma, jambo hili lilizidi hadi ikawekwa amri: atakayekwenda kwa matroni zaidi ya mara mbili kwa muhula, amwone naibu wa mwalimu mkuu. Foleni ya zahanati ilipungua mara moja, na kwenye gwaride tukapongezwa kwa kuwa na afya njema. Afya ipi? Bwenini watu walikohoa usiku kucha. Mvulana mmoja alikaa na malaria siku nne, akawa ananyweshwa chai ya tangawizi na rafiki zake, mpaka alipobebwa ndani ya blanketi saa saba za usiku. Alipona, tunamshukuru Mungu. Wale wa mtihani wa hesabu nao? Walipata njia nyingine, kama kawaida yao. Amri iliyotungwa kwa ajili ya wadanganyifu ilimnasa mgonjwa.

Kampuni nazo zina historia yao ambayo marubani hawaisahau. Julai 2001, Cathay Pacific ya Hong Kong, ikiwa katikati ya mvutano na chama cha marubani, ilipitia mafaili ya marubani wake na kuwaachisha kazi 49 kwa mkupuo mmoja. Kesi iliendelea miaka na mikaka. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya huko iliwapa ushindi 18 kati yao. Lakini miaka minane ni mingi kumngoja hakimu akwambie kuwa ulionewa. Rubani aliyeyaona hayo, ukimwambia faili lake la ugonjwa "ni la kumbukumbu tu", atakuamini kweli?

Lipo jambo linaloweza kufanywa, na kwingine limeanza kufanywa. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2018, zikaanza kutumika Februari 2021. Rubani hupimwa hali ya akili kabla ya kuanza kazi katika shirika, hupimwa pombe kwa kushtukizwa, na kila shirika lazima liwe na mpango wa msaada ambapo rubani mwenye shida anaweza kuongea na rubani mwenzake aliyefunzwa kusikiliza. Hili la mwisho ndilo lililonipendeza. Mtu husema kweli kwa mwenziwe kabla hajaisema kwa mkubwa wake. Hata Marekani, nchi isiyosifika kwa kubembeleza, tangu 2010 imewaruhusu marubani wanaotumia baadhi ya dawa za sonona kurudi angani baada ya kuchunguzwa. Maana yake, kuungama si lazima kuwe mwisho wa kazi.

Lakini mazungumzo hayalipi karo. Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi aliyemaliza miezi miwili kazini angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba nyingine kwa nusu mshahara katika mwaka, mradi alete cheti cha daktari. Hicho ni kiwango cha chini, na mwajiri anaweza kuongeza. Kwa karani mwenye mafua, siku saba zatosha. Kwa rubani aliyevunjika mguu au anayeanza dawa za sonona, ambaye atakaa chini miezi kadhaa kabla daktari wa leseni hajamrudishia cheti, hizo ni za kuonja tu. Kila shirika linalomiliki ndege lingepaswa kumwekea rubani bima ya kupoteza leseni, hata yule ambaye amewahi kuugua, tena huyo hasa. Ni ghali? Airbus moja ni ghali zaidi. Na daktari anayempima asiwe mtu wa kumpigia simu meneja wa ratiba. Akiona hatari, aiambie mamlaka ya leseni, na mwajiri aambiwe neno moja tu: anafaa, au hafai kwa sasa.

Imebaki zamu yetu abiria, maana nasi tuna mkono wetu humu. Tangazo likitoka kwamba ndege imechelewa kwa kuwa rubani anabadilishwa, huwa tunamrukia yule dada wa kaunta kana kwamba ndiye aliyeleta homa. Kelele zetu humfikia meneja, na meneja huzipeleka kwa rubani. Mimi sijapanda ndege bado, ila siku nikipanda na kuambiwa rubani wetu ameamka mgonjwa, tungoje saa tatu aletwe mwingine, nitarudi kwenye kiti, nitoe kitabu changu, na pengine nimtafute huyo dada nimuulize kama rubani amepata mtu wa kumpeleka hospitalini.