Wana wa Ukambani Nao Waione Bahari

Lugha ya Kiswahili ina misemo mingi ambayo haikuzaliwa nchi kavu. Mwanafunzi wa Kitui au Makueni huandika katika insha yake kwamba mambo yalikwenda mrama, kwamba mashindano yaling'oa nanga asubuhi, au kwamba mjomba wake alipwelewa hata akauza mbuzi wa mwisho. Mwalimu humtuza alama, naye hufurahi. Lakini ukimwuliza mrama ni nini, aghalabu atakutazama tu. Hajapata kuona chombo kikiyumba mawimbini, wala mashua iliyoachwa mchangani maji yalipokupwa.

Siku moja nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya kutwa kusini mwa Kitui. Nilipokuwa nikieleza tofauti ya bamvua na maji mafu, msichana wa kidato cha tatu aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hayo maji yakipwa huenda wapi?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilitambua kwamba swali lile lingejibiwa vyema zaidi kwa nusu siku ufuoni kuliko kwa kipindi kizima cha chaki na ubao.

Tumezoea kuamini kwamba likizo ya Pwani ni ya watalii wa ng'ambo na ya matajiri wa Nairobi. Imani hiyo haina msingi, na kwa watu wa Ukambani ni usahaulifu wa historia yao wenyewe. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, misafara ya Wakamba ilivuka nyika kwa miguu ikipeleka pembe za ndovu Mombasa. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui, ndiye aliyempokea mmishonari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, ambaye makao yake yalikuwa Rabai. Ni kutoka Kitui, mnamo Desemba 1849, ambako Krapf aliuona mlima ambao jina lake, kama wanavyoeleza wataalamu wengi, liliingia vitabuni kwa matamshi ya Kikamba. Jina hilo ndilo la nchi yetu leo. Krapf huyo huyo alichapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitui anapozuru jumba la makumbusho la Rabai, haendi ugenini. Anafuata nyayo za babu zake.

Mengine ya kuona ni tele. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na mwaka 2011 ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Magofu ya Gedi, karibu na Watamu, yaliingizwa mwaka 2024. Katika makumbusho haya raia hutozwa kiingilio cha chini kuliko mgeni.

Je, gharama? Nauli ya daraja la kawaida kwa garimoshi baina ya Nairobi na Mombasa ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na si haba kwa mzazi anayetegemea ndengu au maembe. Hata hivyo, garimoshi la vituoni husimama Emali, Kibwezi na Mtito Andei, zote katika Makueni, na anayepanda hapo hulipa pungufu. Wa Kitui hufika Kibwezi kwa barabara ya lami inayopitia Mutomo. Kinachokausha mfuko hasa ni malazi. Hapo ndipo ninapopendekeza kwamba shule zetu zifanye urafiki na shule za bweni za Mombasa, Kilifi na Kwale. Mabweni hukaa matupu wakati wa likizo. Wageni waje na shuka zao, mahindi yao na ndengu zao, nao wenyeji wao wapokewe Ukambani muhula mwingine wakauone mwamba wa Nzambani. Safari ifanywe Aprili au Agosti. Desemba waachiwe wenye mikoba mizito.

Nakiri kwamba kuna hatari moja inayonitia wasiwasi kuliko gharama yenyewe. Mara nyingi ziara ya shule huwa ya wale tu ambao wazazi wao wamelipa, na waliobaki huachwa darasani wakisubiri kusimuliwa. Ziara ya namna hiyo huwafunza watoto utabaka kabla ya kuwafunza historia. Heri darasa lichange kidogo kidogo kwa miaka miwili kisha liende lote, kuliko kupeleka nusu yake kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hicho sharti kiwe cha wote.

Serikali nayo haina budi kushiriki. Mwaka 1936 Ufaransa iliwapa wafanyakazi wake likizo ya malipo ya wiki mbili, kisha ikawapunguzia nauli ya reli. Wengi wao wakaiona bahari kwa mara ya kwanza maishani. Taifa lile halikungoja kila mtu atajirike kwanza. Shirika letu la Reli, pamoja na serikali za kaunti za Kitui na Makueni, zinaweza kuketi na wakuu wa shule zikaafikiana juu ya nauli nafuu ya wanafunzi katika miezi ambayo watalii ni wachache.

Yule msichana alistahili jibu. Nilimweleza habari za mwezi na mvuto wake, akayaandika yote daftarini kwa utiifu. Ningependa wadogo zake waandike waliyoyaona.