Dhambi ya Babu si Kitambulisho Chako

 

Nataka tuongee kitu tunachokisikia kila Jumapili lakini wachache wanakiuliza: je, mtu anazaliwa tayari ana hatia? Na kama anazaliwa nayo, kutubu kuna maana gani? Msidhani hili ni swali la wanafunzi wa chuo cha Biblia peke yao. Hapa kambini linaamua mambo mengi: nani anaaminiwa, nani anaitwa mtoto wa wauaji, nani anatoa kwacha yake ya mwisho ili "akatwe laana ya ukoo", na mama gani anapata usingizi usiku.

Hata jina la hapa tunapoishi linahusu toba. Kabla ya kuwa kambi mwaka 1994, Dzaleka ilikuwa gereza, na wakati wa Kamuzu Banda wafungwa wa siasa waliletwa hapa. Kwa Chichewa, "kuleka" ni kuacha, na wenyeji wanatuambia jina hili lina maana kama "sitarudia tena". Warundi na Wanyarwanda hawahitaji mkalimani, maana "kureka" ni neno lao pia. Sasa fikiria mtoto aliyezaliwa hapa mwaka 2010. Akiulizwa anwani yake anajibu "sitarudia tena". Hatarudia nini? Hajafanya kitu.

Mabishano haya ni ya zamani, na yaliwaka sana hapa hapa Afrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 Thagaste, nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo. Mpinzani wake Pelagio alitoka Britania, akafundisha miaka mingi Roma. Pelagio alichoka kuona Wakristo wanafanya uovu halafu wanasema "ndivyo tulivyo, mwili ni dhaifu". Akasema hapana: Mungu hawezi kukuamuru kitu usichokiweza. Adamu alituachia mfano mbaya tu. Kila mtu anazaliwa safi na anaweza kuchagua mema.

Augustino akajibu kwamba Pelagio hamjui mtu. Utashi wenyewe ni mgonjwa. Unajua lililo jema, unalitaka, na bado unafanya lingine. Bila neema hata hamu ya kutubu huipati. Maaskofu wa Afrika walikutana Karthago mwaka 418 wakalikataa fundisho la Pelagio, na Mtaguso wa Efeso mwaka 431 ukaunga mkono.

Kitu ambacho sisi tutakielewa haraka kuliko wengine ni hiki: wote wawili waliijua habari ya kukimbia. Mwaka 410 Wagothi walivamia Roma, watu wakavuka bahari kuja Afrika, na Pelagio alikuwa kati ya waliofika huku kabla hajaendelea Palestina. Augustino naye alikufa mwaka 430 wakati mji wake umezungukwa na Wavandali. Kwa hiyo waliokuwa wanabishana juu ya moyo wa mtu hawakuwa wamekaa kwa raha wakinywa chai.

Sasa angalia kambini kwetu. Tuna mahubiri mawili, na hayapatani.

La kwanza ni la kesha. Mhubiri anasema umasikini wako, kutopata safari ya kwenda Marekani au Kanada, hata kukimbia kwenu kutoka Fizi au Uvira, vyote vinatoka kwa babu yako aliyefanya hiki na kile. Laana iko ndani ya damu. Inabidi ikatwe, na kukatwa kuna sadaka yake. Wanafungua Kutoka 20, pale panaposema uovu wa baba unawafikia watoto hadi kizazi cha tatu na cha nne. Sawa, maneno hayo yapo. Lakini mbona hawasomi mstari unaofuata, unaosema rehema inawafikia maelfu? Na mbona hawafiki Kumbukumbu la Torati 24:16, panapokataza mtoto kuuawa kwa kosa la baba yake?

Halafu kuna Ezekieli. Huyu nabii ni wa kwetu kabisa. Alikuwa amepelekwa uhamishoni Babeli, anaishi na wahamishwa wenzake kando ya mto Kebari. Na wale watu walikuwa na methali yao: wazazi ndio waliokula zabibu mbichi, lakini meno yanayopata ganzi ni ya watoto. Yaani walisema kama tunavyosema sisi: tunalipa deni lisilo letu, basi hakuna la kufanya. Ezekieli sura ya 18 Mungu anawakataza kuitumia tena methali hiyo. Mtoto hatabeba uovu wa baba, na mwovu akigeuka ataishi. Neno hili waliambiwa watu waliokuwa uhamishoni. Sijui kwa nini sura hii haisomwi kila mwezi kambini.

Msinielewe vibaya, sisemi Augustino alikosea kila kitu. Hakuna anayemfundisha mtoto kudanganya, anajua mwenyewe. Na nani kati yetu atakataa kwamba tumerithi kitu? Chuki tumeikuta. Kuna vijana hapa hawajawahi kukanyaga Kongo wala Burundi, lakini ukitaja kabila fulani uso unabadilika. Hilo hawakulichagua, walilikuta mezani kama chakula cha jioni. Kwa hiyo mimi nasema hivi: jeraha tunalirithi, hatia haturithi. Mtoto wa mwenye deni anaweza kuzaliwa katika nyumba isiyo na bati. Mvua inamnyeshea kweli, lakini saini kwenye karatasi ya deni si yake.

Na siyo mimi peke yangu ninayetofautisha hivyo. Makanisa ya Kiorthodoksi tangu zamani yanasema tumerithi kifo na udhaifu kutoka kwa Adamu, si hatia yake. Warumi 5:12, ambao Augustino aliusoma kwa Kilatini kana kwamba wote walitenda dhambi "ndani ya" Adamu, kwa Kigiriki wengi wanausoma kwamba kifo kimewafikia wote "kwa sababu" wote wametenda dhambi. Neno dogo, lakini tofauti ni kubwa. Hata Katekisimu ya Kanisa Katoliki, inayoishika dhambi ya asili mpaka leo, inaeleza kwamba ni hali tunayoipokea, si tendo tulilolitenda.

Kwa nini nasumbuka na tofauti hii? Kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni wale mama. Wapo waliopoteza watoto wachanga njiani, kwenye ziwa au porini, kabla ya ubatizo. Augustino alifundisha kwamba mtoto wa namna hiyo hukosa mbingu, ingawa adhabu yake ni nyepesi kuliko zote. Mpaka leo utamsikia mtu anamwambia mama maneno hayo, tena msibani. Jamani! Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa andiko kwamba kuna sababu nzito za kuwa na tumaini kuwa watoto hao wanaokolewa. Miaka imepita na habari hiyo haijafika kwenye vibanda vyetu. Wahubiri, ipelekeni. Huyo mama amebeba ya kutosha.

Ya pili ni kabila. "Hao damu yao ni ya kuua." Tumelisikia, na wengine tumeitwa hivyo. Anayesema hivyo anadhani anahubiri dhambi ya asili, kumbe anaipindua. Fundisho lile linasema dhambi ni ya Adamu, na Adamu hakuwa na kabila. Kama sote tumejeruhiwa, basi hakuna ukoo wa kuuonyesha kidole na hakuna ukoo wa kujisifu. Ukilichukua fundisho la watu wote ukalifunga kwenye mlango wa jirani mmoja, hiyo siyo teolojia tena. Hiyo ni redio ya chuki iliyovaa joho.

Sasa mahubiri ya pili, na hapa wafanyakazi wa mashirika msikilize kidogo. Ni yale ya warsha: "Badilisha fikra zako. Kila kitu kinawezekana ukiamua. Jitegemee." Hayo ni ya Pelagio, ila yameandikwa kwenye karatasi kubwa za ukutani. Kijana anaambiwa ajitegemee katika nchi ambayo mkimbizi haruhusiwi kukaa na kufanya biashara anapotaka. Mwaka 2023 waliokuwa na maduka mijini waliamriwa kurudi kambini, wengi wakapoteza kila kitu. Kambi iliyopangiwa watu elfu kumi hivi ina zaidi ya 50,000. Ukimwambia mtu huyo kwamba kufaulu ni uamuzi wake tu, akishindwa atajiona ni mkosaji. Umempa hatia mpya bila hata kumpa Adamu wa kumlaumu.

Na kesho yake afisa huyo huyo anaandika kwenye ripoti kwamba vijana hawa wameharibiwa na vita, hawawezi kuamua. Hapo amehamia kwa Augustino bila neema! Tafadhali, chagueni lugha inayotutosha. Tumeumizwa, ndiyo. Njia zimefungwa, ndiyo. Na bado tunachagua. Kuna mtu aliyepoteza familia yote na bado anagawana unga na jirani wa kabila lile lile. Usimwite mgonjwa, usimwite shujaa wa warsha. Amechagua, na nadhani amesaidiwa kuchagua. Mimi kusaidiwa huko nakuita neema. Wewe ukikuita jina lingine hatutagombana.

Kwa hiyo hatia ni ya anayetenda, na uwezo wa kugeuka upo hata kama ni mdogo. Basi toba ni nini?

Kwenye makesha yetu toba imekuwa machozi. Tuseme ukweli. Kuna mtu anakula pesa za banki mkhonde, zile mama kumi wanazochanga kwa kuuza mboga na mandazi. Siku ya tatu anakwenda mbele, anaanguka, anafunikwa kitambaa, anasimama, anatangazwa kiumbe kipya. Watu wanapiga makofi. Na wale mama kumi wamekaa mstari wa nyuma, nao inabidi wapige makofi. Wakiuliza pesa wanaambiwa: "Mama, Mungu ameshasamehe, wewe ni nani?"

Zakayo hakufanya hivyo. Alipogeuka alitaja hesabu: nusu ya mali kwa masikini, na aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakusingizia Adamu, hakusema ni laana ya ukoo wa watoza ushuru. Alijua nani anamdai, na kiasi gani. Mwenye kusema "ni damu ya kwetu" na mwenye kulia bila kurudisha ni ndugu: wote wanatafuta mahali pa kuliweka kosa lao ili wasilibebe mikononi.

Ombi langu ni dogo. Wahubiri, mtu akija mbele kutubu wizi, kabla hamjamwekea mikono mwulizeni: ni ya nani, na utaanza kurudisha lini? Asiyeweza kulipa yote aanze na kilo moja ya unga. Vijana, mtu akikwambia unalipa dhambi ya babu yako, mwombe akusomee Ezekieli 18 yote mpaka mwisho, kwa sauti. Na wewe uliyerithi chuki mezani, hukuipika, hatukudai hiyo. Ila ukiwapakulia wadogo zako, kuanzia siku hiyo sahani ni yako.