Muwindaji hapimwi na kronometa peke yake

Kila mwaka mwezi wa nne, ekipe 32 za football ya Wamarekani zinakaa kuchagua vijana wanaotoka kwenye iniversite. Ile kazi inaitwa drafti. Ekipe iliyopigwa zaidi musimu uliopita njo inapewa nafasi ya kwanza, zingine zinafuata, na wanazunguka vile mara saba, mpaka vijana karibu 250 wamepata kazi. Kijana hachagui kwenye ataenda. Anachaguliwa, anabeba valizi, anaenda.

Sisi watu wa Katanga neno hili tulilijua kupitia basketball. Mwaka 2011 mutoto wa Lubumbashi, Bismack Biyombo, alichaguliwa namba 7 mu drafti ya NBA. Mbele yake kulikuwa Dikembe Mutombo, namba 4 mwaka 1991. Hata mu ile football ya kofia na mabega makubwa tuko na mutu: Tshimanga Biakabutuka, muzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa namba 8 mwaka 1996 na ekipe ya Carolina. Kwa hiyo musiseme mambo haya ni ya mbali, hayatuhusu.

Leo ninataka kusema juu ya kazi moja mu mupira ule, kazi inayolipa vizuri na inayodanganya sana wale wanaochagua. Ni kazi ya yule anayemukimbilia kwotabeki ili amuangushe. Hapa tutamuita muwindaji. Mawazo yangu ni haya: wachunguzi wa zile ekipe wanaamini kupita kipimo kile wanachopima siku moja, na wanasahau kile kijana amefanya miaka mitatu mbele ya macho ya watu. Na wakikosea, anayelipa deni ni kijana.

Kwa wale wasioangalia mupira huu, kazi yenyewe si nguvu kuelewa. Kwotabeki njo mutu anayeshika mupira na kuurusha kwa wenzake. Ukimuacha atulie sekunde tatu, ataharibu ekipe yenu yote. Muwindaji anainama kwenye mustari, mukono chini, na mupira ukitikisika tu, anapashwa kumupita mulinzi wa kilo 140 na kumufikia kwotabeki mbele hajarusha. Akimuangusha akiwa bado na mupira mukononi, inaitwa saki. Ligi ilianza kuhesabu saki kwa njia rasmi mwaka 1982, na tangu hapo bei ya wawindaji inapanda tu. Ukiondoa makwotabeki, wao ni kati ya wanaolipwa sana.

Sasa namna gani wanawachagua? Mwisho wa mwezi wa pili, vijana zaidi ya 300 wanaitwa Indianapolis. Kule wanapimwa kama ng'ombe wa soko: urefu, kilo, urefu wa mikono, upana wa kiganja. Wanaruka juu, wanaruka mbele. Wanakimbia yadi 40, karibu metre 36 na nusu, na kronometa inahesabu mpaka sehemu ya mia ya sekunde. Wanalala kwenye benchi na kuinua chuma cha kilo 102 mpaka mikono ikatae. Madaktari wanavuta magoti na mabega. Kisha televizyo inasema: huyu amepanda, huyu ameshuka.

Tuchukue watu wawili. Wa kwanza ni Vernon Gholston, wa iniversite ya Ohio State. Mwaka 2007 alipata saki 14, na mwanzo wa 2008 kule Indianapolis aliinua kile chuma mara 37. Kilo karibu 120, anakimbia kama mutu wa kilo 95. Wachunguzi walishika vichwa. Ekipe ya Jets ya New York ilimuchagua namba 6. Alicheza miaka mitatu. Munajua alipata saki ngapi? Sifuri. Hata moja.

Wa pili ni Terrell Suggs, wa Arizona State. Mwaka 2002 alipata saki 24 kwa musimu mumoja, rekodi ya mupira wa mainiversite. Lakini alipokimbia mbele ya wachunguzi, kronometa haikumupenda. Watu walianza kunong'ona kwamba ni muzito, mbio yake haitoshi. Ekipe tisa zilimupita. Baltimore ikamuchukua namba 10 mwaka 2003. Mwaka ule ule wa kwanza alipata saki 12 na zawadi ya mulinzi muchanga bora. Mwaka 2011 alichaguliwa mulinzi bora wa ligi nzima. Alifunga kazi yake na saki 139 na ubingwa mara mbili, moja na Baltimore, moja na Kansas City.

Wasomaji wetu wa Kolwezi na Likasi wanajua jambo hili kuliko wachunguzi wa Indianapolis. Jiwe la kijani linaweza kung'aa na kupendeza macho, na teneur yake ikawa ndogo. Na kile kimashini cha kupimia kwenye dépôt kinasema tu habari ya pale kilipogusa. Ukigusa upande mumoja wa jiwe, haujapima mufuko. Kronometa iko vile vile. Haisemi uongo. Inasema tu habari ya metre 36, mutu akikimbia peke yake, bila kofia, bila mulinzi wa kilo 140 anayemushika shingo.

Kuna mutu atanijibu: basi tuhesabu saki zao za iniversite, mambo yaishe. Hapana, na hiyo pia haitoshi. Gholston alikuwa na saki nyingi. Na tazama habari ya Ezekiel Ansah, mutoto wa Accra kule Ghana. Alifika iniversite ya Brigham Young mwaka 2008 kusoma. Alijaribu basketball, alijaribu mbio, na football aliianza tu mwaka 2010, mutu muzima tayari, akijifunza mpaka namna ya kuvaa zile kinga za mabega. Mwaka wake wa mwisho alipata saki nne na nusu. Nne na nusu! Nusu ni pale wawili wanapomuangusha mutu mumoja. Lakini Detroit ilimuchagua namba 5 mwaka 2013. Mwaka wa kwanza alipata saki 8, na mwaka 2015 alipata 14 na nusu. Mutu akikuonyesha ile nne na nusu peke yake, ungemuacha.

Mu drafti ile ile ya 2013 kulikuwa muwindaji mwengine, Andy Mulumba, muzaliwa wa Kinshasa aliyekomalia upande wa Montréal. Alitoka kwenye iniversite ndogo, Eastern Michigan. Ligi ya Canada ilimuchagua namba 2. Ligi kubwa ya Marekani ilizunguka mara saba bila kusema jina lake. Ekipe ya Green Bay ilimuita kisha, bila drafti, akaingia kwa mulango wa nyuma, akashinda nafasi yake na kucheza mwaka ule ule. Miaka sita kisha, mu 2019, kijana mwengine wa Eastern Michigan, Maxx Crosby, aliachwa mpaka namba 106. Mwaka wa kwanza alipata saki 10, na leo ni kati ya wawindaji wanaoogopesha makwotabeki wote. Watu 105 mbele yake! Juu ya nini? Juu ya jina la iniversite, kwa sehemu kubwa. Sawa vile hapa kwetu mutu anavyoulizwa amesoma wapi mbele hajaulizwa anajua kufanya nini.

Basi ni kitu gani cha kuangalia? Mimi ninasema maulizo manne, na majibu yake yote yanapatikana kwenye video za mechi, si kwenye benchi ya chuma.

La kwanza ni hatua ya kwanza. Mupira ukitikisika, nani anatembea mbele? Kuna vijana wanaokimbia metre 36 upesi sana lakini wanaamka wa mwisho. Ile nusu ya sekunde ya mwanzo njo kazi yote.

La pili ni mikono. Mulinzi anataka kukukamata kifuani. Muwindaji anayejua kazi anapiga ile mikono, anaipitisha chini, anageuka. Na njia ya kwanza ikifungwa, anayo ya pili? Kwenye iniversite kijana mwenye nguvu anaweza kusukuma kila mutu na kufika. Kwenye ligi kubwa kila mulinzi iko na nguvu kama yake. Mwenye njia moja tu anafungiwa mwezi wa kwanza, na hapo saki zinakauka.

La tatu: zile saki alizipata kwa nani na namna gani? Kuna saki ya kushinda mulinzi hodari, na kuna saki ya kuokota, kwotabeki amemukimbia mwengine akaangukia mukononi mwako. Kwenye karatasi zote ni moja. Na hata pale hakumuangusha, kama alimulazimisha kurusha upesi na vibaya, ile ni kazi. Kitabu cha saki hakiiandiki.

La ine, kwangu mimi njo kubwa: anafanya nini mwisho wa mechi, ekipe yake imeshapigwa, hakuna anayemuangalia? Anakimbia bado, ao anatembea? Kila kapita anajua ulizo hili. Mutu wa saa ya kwanza ya kazi ni mutu yeyote. Mutu wa saa ya mwisho njo mutu wako.

Na kuna ulizo la tano, lakini hilo si la kijana, ni la ekipe: mutamupa kazi gani? Gholston kwenye Ohio State alikuwa anaanza mukono chini, kazi yake kumuvamia mutu aliye mbele yake. Jets walimusimamisha wima, wakamubadilishia nafasi, mara ashambulie, mara arudi nyuma kulinda wanaopokea mupira. Siwezi kusema angefaulu kama wangemuacha kwenye kazi yake. Lakini ukimutoa mutu kwenye mashine anayoijua na kumupa ingine, usishangae hesabu ya mwisho wa mwezi ikipunguka, na usiandike kwenye karatasi kwamba ni muvivu. Jina la Gholston limebaki mpaka leo kama musemo wa kukosa. Majina ya wale waliomuchagua na kumubadilishia kazi, nani anayakumbuka?

Hapo njo kwenye uchungu wa jambo hili. Mpaka mwaka 2021 vijana wa iniversite walikuwa wamekatazwa kula hata faida ya jina lao, wakati mashule yalikuwa yanajaza viwanja vya watu laki moja. Walicheza miaka mitatu, mine, kwa masomo na chakula, magoti yao njo rehani. Drafti ilikuwa mulango wao wa kwanza wa feza. Na tangu mwaka 2011 bei ya mulango imepangwa kufuata namba: aliyechaguliwa mwanzo anapata mingi, wa nyuma kidogo, na kontra ya kwanza ni miaka mine. Tofauti ya namba 6 na namba 106 ni mamilioni ya dola. Muchunguzi akikosea, atarudi Indianapolis mwaka kesho na kronometa yake. Kijana aliyeachwa nyuma hapati tena mwaka wake, na goti likivunjika mu kontra ile ndogo, ubingwa wake umekwisha mbele ya kulipwa bei yake ya kweli.

Sisemi kupima ni bure. Daktari apime goti, ni haki ya kijana na ya ekipe. Namba ziandikwe. Myles Garrett alionyesha namba za ajabu Indianapolis na kazi ya ajabu Texas A&M, Cleveland ikamuchagua namba 1 mwaka 2017, na hawakujuta: mwaka 2023 alikuwa mulinzi bora wa ligi. Kipimo na kazi vikisema neno moja, muamini vyote. Vikipingana, mimi ninasema muamini kazi, halafu muulize kwa nini kipimo kinasema tofauti. Kwa Ansah jibu lilikuwa wazi: alikuwa bado anajifunza, na kila mwezi alikuwa anapanda. Jibu la namna ile linapatikana kwa mutu aliyekaa kuangalia, si kwa aliyepita na kronometa.

Baba na mama munaosoma, watoto wenu pia wanachaguliwa. Kuna yule anayekuja kwenye uwanja wa kartie dakika makumi mbili, anaangalia urefu na mbio, anasema huyu atakwenda Ulaya, yule hapana, na kuomba feza ya paspoti. Muulizeni tu: umemuona mechi ngapi? Umemuona siku ya mvua, ekipe yake imepigwa tatu kwa sifuri? Kama hajui kujibu, ni mutu aliyegusa jiwe upande mumoja. Mufunge mulango, na muambieni mutoto arudi kwenye mazoezi na masomo, maana hajapimwa bado.