"Mbona Unaongea?" Si Jibu

Mjadala wa uhuru wa kusema ukizuka tu Tanzania, kuna hoja moja ambayo haikosi. Utaisikia kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye vipindi vya asubuhi vya redio, hata kwa wasomi waliokaa kwenye viti vya mbele: "Kama uhuru haupo, mbona unaongea?" Kisha zinafuata hesabu. Redio zimejaa mpaka wilayani, magazeti yametandazwa kila stendi, vijana wanabishana mitandaoni usiku kucha. Anayelalamika huonekana ana lake jambo.

Hoja hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa kwa sababu hurudiwa na watu wema wasio na nia mbaya. Inahesabu sauti zinazosikika. Haiulizi ni nani aliyenyamazishwa, kwa kosa gani, na aliyemnyamazisha alipewa na nani mamlaka hayo.

Gazeti la Mseto ni mfano mzuri. Agosti 2016, Nape Nnauye, wakati huo Waziri wa Habari, alilifungia kwa miaka 3. Wenye gazeti walifuata sheria: walikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Juni 2018 wakashinda. Mahakama ikaamuru gazeti lirudi mtaani. Halikurudi. Miaka 3 ya adhabu ikaisha, bado halikurudi. Leseni ilitoka Februari 2022, sambamba na za magazeti mengine yaliyokuwa yamefungiwa, MwanaHalisi, Mawio na Tanzania Daima, na aliyezitoa alikuwa Nape Nnauye yuleyule, aliyekuwa amerudishwa kwenye wizara ya habari na rais mwingine.

Hukumu ya majaji haikulifungua gazeti. Kauli ya waziri ndiyo iliyolifungua. Na gazeti lililokaa kifungoni zaidi ya miaka 5 haliamki siku moja likaendelea lilipoishia. Waandishi wanakuwa wameshatafuta riziki kwingine, watangazaji wa biashara wameshahama, na msomaji ameshazoea kupita stendi bila kuliulizia.

Watetezi wa hoja hii hukimbilia kusema kwamba waliofungiwa walikuwa wachochezi. Basi The Citizen lilichochea nini? Februari 2019 gazeti hilo lilisimamishwa kwa siku 7 kwa sababu ya habari iliyohusu kushuka kwa thamani ya shilingi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeagiza mzigo China anahitaji habari kama hiyo kuliko hotuba yoyote ya jukwaani. Mwaka mmoja kabla yake, Bunge lilirekebisha Sheria ya Takwimu kiasi kwamba kutangaza namba zinazopingana na za serikali kungeweza kumfikisha mtu jela. Vifungu hivyo vililegezwa mwaka 2019, baada ya Benki ya Dunia kueleza wasiwasi wake.

Yupo pia Azory Gwanda, mwandishi wa Mwananchi huko Kibiti, aliyeripoti mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Novemba 21, 2017 watu wasiojulikana walimchukua kwa Land Cruiser nyeupe. Walipita naye shambani alikokuwa mkewe, naye akamwambia mkewe kutoka ndani ya gari kwamba amepata safari ya dharura na angerudi kesho yake. Hajarudi. Julai 2019 Palamagamba Kabudi, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, kisha akadai kauli yake ilieleweka vibaya. Familia haikupewa mwili wala maelezo.

Baada ya hapo, nani angehitaji kutuma askari kwenye kila chumba cha habari? Mwandishi wa mkoani hulipwa kwa habari iliyochapwa. Akiandika kuhusu wanakijiji walionyimwa fidia ya ardhi, anaweza kuitwa kituoni; akiandika kuhusu mkuu wa wilaya aliyezindua kisima, habari itatoka kesho na posho ataipata. Nyumbani wanamkumbusha kwamba mdomo uliponza kichwa. Anachagua kisima. Habari ya fidia haimo kwenye hesabu za wanaouliza "mbona unaongea?", kwa kuwa haikuwahi kuandikwa.

Ni kweli kwamba hali ililegea baada ya 2021. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliondoa marufuku ya mikutano ya hadhara, na mwaka huohuo Sheria ya Huduma za Habari ikapunguzwa makali. Lakini waliopumua walipumua kwa hisani, na hisani hiyo haikudumu. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi zilisitishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni. Mei 2025 mtandao wa X ukazuiwa. Septemba ikawa zamu ya jukwaa la mtandaoni la JamiiForums kufungiwa, siku 90. Oktoba 29, siku ya kupiga kura, intaneti ilizimwa nchi nzima na kubaki hivyo kwa siku kadhaa huku watu wakiuawa kwenye maandamano. Aliyeamini kwamba uhuru upo alizimiwa sawa na asiyeamini.

Kwa hiyo anayesisitiza kwamba uhuru upo na aunge mkono mambo mawili. Waziri na mdhibiti wanyang'anywe uwezo wa kufunga chombo cha habari kwa tamko la jioni: anayeona amekosewa apeleke ushahidi mahakamani, na gazeti liendelee kuchapwa mpaka hukumu itoke. Na uchunguzi wa kutoweka kwa Azory Gwanda ufanywe hadharani, chini ya jaji, waliokuwa madarakani Kibiti Novemba 2017 wakiitwa kujibu kwa kiapo.