Kivu ya Kaskazini: Jamaa inamuuguza askari aliyejeruhiwa, lakini nani anaisaidia jamaa?

Vita vya mashariki mwa Congo huhesabiwa kwa miji iliyotekwa na watu waliokufa. Askari wa FARDC anayetoka kupasuliwa akiwa na mguu mmoja hatajwi sana. Bibi yake anayelala chini kando ya kitanda hatajwi kabisa.

Katika hospitali nyingi za nchi, muuguzi hufunga kidonda na kudunga sindano. Kupika, kufua, kumuosha mgonjwa na kumgeuza asipate vidonda vya mgongo ni kazi ya jamaa. Mjini Goma, CICR imesaidia hospitali ya CBCA Ndosho kutibu majeruhi wa vita, na kituo Shirika la Umoja kutengeneza miguu bandia. Lakini kujifunza kutembea upya huchukua miezi, na muda huo wote kuna mtu aliyeacha shamba ao soko.

Rais Félix Tshisekedi aliamuru mshahara wa askari uongezwe mara mbili kuanzia Machi 2025. Wakati huo banki za Goma zilikuwa zimefungwa tangu M23 ilipoingia mjini mwisho wa Januari. Kwa jamaa ya askari iliyobaki humo, nyongeza isiyofika mkononi hainunui hata unga wa uji.

Mkataba wa Geneva wa 1949 unamlinda askari aliyejeruhiwa wa kila upande. Anayemuuguza naye anahitaji chakula, nauli na habari za kweli. Asipopewa, askari atarudi nyumbani amepona kidonda, akute nyumba yenyewe imevunjika.