Steringi Hafi? Mwelekezi wa Filamu za Mapigano na Mwili wa Mwigizaji

Utangulizi

Miongoni mwa mashabiki wa filamu za mapigano katika Afrika Mashariki kuna kauli ambayo imekwisha kuwa kama methali: steringi hafi. Neno steringi lilitoholewa na watazamaji wenyewe katika mabanda ya video, wala si na kamati yoyote ya istilahi. Humrejelea yule mhusika mkuu ambaye risasi humpita kando, na ambaye huanguka kutoka ghorofani akainuka na kujipangusa vumbi. Wasimulizi wanaozifasiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, kama vile Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya, wamewazoesha watazamaji kumfuata steringi huyo kwa lugha wanayoielewa barabara.

Kauli hiyo haina madhara inapobaki kwenye skrini. Tatizo huanza inapovuka mpaka na kuingia mahali filamu inapotengenezewa, mwelekezi akaanza kumtazama mwigizaji kana kwamba naye, kama mhusika anayemwigiza, hawezi kuumia. Makala haya yanadai kuwa ukali wa mwelekezi hauwezi kupimwa kwa uzuri wa filamu pekee. Kuna vipimo viwili vingine: kwanza, je, mwelekezi mwenyewe hubeba sehemu gani ya mzigo anaowatwika wengine? Pili, je, mwigizaji ana uwezo wa kusema hapana bila ya kupoteza nafasi yake?

Hoja ya watetezi wa ukali

Ni haki kuanza na hoja ya upande wa pili, kwa kuwa ina uzito. Watetezi wa mwelekezi mkali husema kuwa sanaa haina huruma na uzembe. Mchelea mwana kulia, wanakumbusha, hulia yeye. Mwigizaji anayebembelezwa huzoea kubembelezwa, na pigano lisilofanyiwa mazoezi huonekana kama ngoma ya watoto. Mfano wao mkubwa ni Akira Kurosawa wa Japani, mwelekezi aliyesifika kwa kutoridhika upesi. Alifanya kazi na mwigizaji Toshiro Mifune katika filamu 16 kati ya mwaka 1948 na 1965. Katika filamu inayojulikana kwa Kiingereza kama Throne of Blood ya mwaka 1957, iliyotokana na tamthilia ya Macbeth ya Shakespeare, Mifune alirushiwa mishale halisi na walenga shabaha stadi. Hofu inayoonekana usoni mwake haikuwa ya kubuni tu. Filamu hiyo ingali inafundishwa hadi leo, na watetezi huuliza: je, tungeipata bila ya ukali ule?

Jibu ni kwamba mishale ile haikumpata Mifune. Laiti mmoja ungelimpata, tusingekuwa tunazungumzia ufundi bali uzembe. Hoja ya watetezi basi imesimama juu ya bahati, na bahati si nadharia ya sanaa. Historia ya filamu za mapigano ina mifano ya kutosha ya siku ambazo bahati haikuwapo. Mnamo Machi 1993, Brandon Lee, mwana wa Bruce Lee, alifariki nchini Marekani baada ya kupigwa risasi kwa bunduki iliyodhaniwa kuwa salama, wakati wa kutengenezwa kwa filamu ya The Crow. Miaka 28 baadaye, Oktoba 2021, mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa kwa namna inayofanana na hiyo katika filamu ya Rust, na mwelekezi wake, Joel Souza, akajeruhiwa. Risasi haikuuliza nani ni steringi na nani ni mwelekezi.

Kisa cha Uma Thurman kinatufunza zaidi kuhusu uhusiano wenyewe. Katika utengenezaji wa Kill Bill, mwigizaji huyo hakutaka kuendesha gari ambalo alihofia kuwa halikuwa salama. Mwelekezi Quentin Tarantino alimshawishi aliendeshe. Gari liligonga mti, na Thurman akaumia shingo na magoti. Alipolieleza jambo hilo hadharani mwaka 2018, Tarantino alikiri kuwa ni miongoni mwa mambo anayoyajutia mno maishani mwake. Hapa hapakuwa na mishale wala bunduki. Palikuwa na mtu aliyesema hapana, na mwingine mwenye mamlaka aliyeigeuza hapana hiyo ikawa ndiyo. Ukali usioonekana kwa macho ndio huo: ushawishi wa mtu ambaye ridhaa yake ndiyo ajira yako.

Lugha yenyewe inasema nini?

Wanafunzi wa Kiswahili wanayo bahati ya kuwa na lugha inayolifafanua suala hili kwa uwazi. Kitenzi igiza kimejengwa juu ya mzizi wa iga. Mwigizaji basi huiga. Huonyesha mfano wa kitendo pasipo kuwa kitendo chenyewe. Anayepigwa kofi la kweli mbele ya kamera haigizi kupigwa, anapigwa. Mwelekezi anayedai maumivu ya kweli ili apate sura ya maumivu hajaikuza sanaa ya uigizaji. Ameikimbia, kwa maana ameshindwa kumsaidia mwigizaji kufanya kile ambacho jina lake linamtaka afanye.

Vivyo hivyo neno mwelekezi. Kuelekeza ni kumwonyesha mtu njia, nako hakulingani na kuamuru. Anayeelekeza hutarajiwa kuijua njia, na mara nyingi kuwa ameipita yeye mwenyewe. Jackie Chan wa Hong Kong, pamoja na yote yanayoweza kusemwa dhidi ya hatari alizojitia, aliielewa maana hiyo. Katika Police Story ya mwaka 1985 yeye ndiye aliyekuwa mwelekezi, na yeye ndiye aliyeruka na kuteleza kwenye nguzo ndefu iliyozungushiwa taa, mikono ikaungua. Katika Armour of God ya mwaka 1986 alianguka kutoka mtini huko Yugoslavia, akavunjika fuvu. Haipendekezwi hapa kuwa waelekezi wote waruke kutoka kwenye miti. Linalosisitizwa ni kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hupenda kunukuliwa na wakali, lakini wengi hawaisikilizi vyema. Inasema anayetaka ndiye anayeinama. Haisemi kuwa amwinamishe mwenzake.

Funzo la Wakaliga

Hatuhitaji kwenda Hong Kong wala Hollywood ili kuupima uhusiano huu. Katika mtaa wa Wakaliga jijini Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufanya kazi ya kufyatua matofali, alianzisha kampuni ya Ramon Film Productions mwaka 2005. Filamu yake ya Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 ilitengenezwa kwa gharama inayotajwa kuwa chini ya dola 200 za Marekani. Bunduki zake ni za mbao na vyuma chakavu, na milipuko yake ni kazi ya tarakilishi. Nakala asili ilipotea kwa kuwa tarakilishi hiyo haikuwa na nafasi ya kuhifadhi kazi iliyofuata. Hata hivyo, filamu hiyo ilipowekwa kwenye intaneti mwaka 2015, ikiambatana na masimulizi ya kuchekesha ya VJ Emmie, ilitazamwa na mamilioni ya watu duniani.

Nabwana huwadai waigizaji wake mengi. Huwadai muda, nguvu na mazoezi ya kung fu, tena bila ya mshahara. Wengi ni wakazi wa mtaa na watu waliojitolea, na malipo yao yamekuwa sehemu ya fedha zinazopatikana wanapoziuza nakala za filamu mkono kwa mkono. Je, si unyonyaji huo? Swali hili ni halali, na shauku ya waigizaji haitoshi kuwa jibu lake. Mtu aweza kuipenda kazi inayomnyonya.

Hata hivyo, uhusiano wa Wakaliga una sifa tatu ambazo studio nyingi tajiri hazinazo. Ya kwanza ni kwamba mwelekezi anaishi na waigizaji wake. Nyumba yake ndiyo studio, na anayemuumiza mtu leo atakutana naye kesho katika kichochoro kilekile. Ya pili ni kwamba mwigizaji asiyelipwa hana cha kutishiwa nacho. Akichukizwa, huondoka, na filamu ikakwama. Kwa hivyo mwelekezi hana budi kumshika kwa imani, kwa kuwa hana ajira ya kumshika nayo. Ya tatu ni kwamba mwelekezi amekubali kubadilisha mbinu zake kwa ajili ya afya ya watu wake. Hapo mwanzo damu ya ng'ombe ilitumiwa katika matukio ya kupigwa risasi. Mwigizaji mmoja alipougua, damu hiyo iliachwa, na rangi ya chakula ikachukua nafasi yake. Badiliko hilo dogo lina uzito kuliko hotuba nyingi kuhusu heshima ya msanii. Uhalisia wa picha ulipogongana na mwili wa mtu, mwili ulishinda.

Yafaa pia kukumbuka kuwa katika filamu hiyo Kapteni Alex hufa, na muuaji wake hajulikani hadi mwisho. Steringi hufa. Huenda bila ya kukusudia, Wakaliga imeivunja ile kauli ya mabanda ya video.

Eldoret na maana ya nidhamu

Msomaji aliyeko Eldoret ana mfano mwingine ulio karibu zaidi. Mji huu, uliotunukiwa hadhi ya jiji Agosti 2024, umezungukwa na kambi ambazo nidhamu yake inajulikana ulimwenguni. Huko Kaptagat, Patrick Sang, mshindi wa nishani ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1992, amemlea Eliud Kipchoge kwa muda wa zaidi ya miaka 20. Huko Iten, Bruda Colm O'Connell, aliyefika mwaka 1976, alimfunza David Rudisha, ambaye mwaka 2012 jijini London alikimbia mita 800 kwa dakika 1, sekunde 40.91. Hakuna anayeweza kudai kuwa makocha hawa ni walegevu. Hata hivyo, kocha mwema hujua kuwa misuli iliyochanika haishindi mbio. Humpumzisha mkimbiaji kwa makusudi yaleyale ambayo kwayo humkimbiza. Ukali wake una kalenda, na kalenda hiyo ina siku za kupumzika.

Kwa nini basi katika uigizaji ukali udhaniwe kuwa ni kelele, matusi na kurudia pigano mpaka mtu avuje damu? Mwelekezi akipanga kila pigo kwa hesabu, akalifanyisha mazoezi polepole kabla ya kuliharakisha, huyo ndiye mkali wa kweli, kwa kuwa anadai kazi ya akili, na kazi ya akili ndiyo ngumu. Anayesema tu "mpige kweli" amechagua njia ya mkato.

Suala hili linavihusu moja kwa moja vyama vya Kiswahili na vikundi vya maigizo vyuoni. Wengi wa wale watakaoelekeza filamu na tamthilia za kesho wanaanzia katika kumbi hizi, nao hubeba tabia watakazozipata humu. Sheria pekee haitawalinda waigizaji wao. Nchini Kenya, Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humlinda mfanyakazi aliyeajiriwa kwa ujira. Mwigizaji wa kujitolea, asiye na mkataba wala mshahara, yumo hatarini kubaki nje ya ua huo, hasa akivunjika mguu katika zoezi la jioni ambalo halikuandikwa popote.

Kwa hivyo vikundi hivyo havina budi kujiwekea kanuni zao. Pigano lolote lifanyiwe mazoezi ya taratibu kabla ya onyesho. Mwigizaji akikataa tendo la hatari, asinyang'anywe nafasi kwa sababu hiyo. Mapato, hata yakiwa haba, yagawanywe kwa makubaliano yaliyoandikwa. Na makubaliano hayo yaandikwe kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ila mikataba mingi ya wasanii ingali inaandikwa kwa Kiingereza cha kisheria ambacho anayetia sahihi hakielewi. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoweza kutoa mchango ambao wengine hawawezi: kuandaa mfano wa mkataba ulio wazi, na kusanifu istilahi za usalama wa jukwaani.

Hitimisho

Ukali si adui wa sanaa. Filamu nyingi mbovu za mapigano ni mbovu kwa kukosa mwelekezi anayedai vya kutosha. Lakini kudai ni deni la pande mbili. Anayedai mwili wa mwenziwe anawiwa maandalizi, ukweli, malipo, na masikio yanayoisikia hapana inapotamkwa mara ya kwanza. Mhusika akifa, mwelekezi anaweza kumfufua kwa kalamu au kwa kamera. Mwigizaji hana mwandishi wa kumfufua.