Kuhifadhi DVD za Nyumba: Tuchague Programu Ipi?

Wasomaji wetu watukufu, katika nyumba nyingi za Tabora, kuanzia Gongoni na Isevya hata Ng'ambo, yamo makasha ya DVD zenye arusi, maulidi na darsa za Ramadhani. Humo husikika sauti za wazee ambao leo wamekwisha rejea kwa Mola wao. Twapenda mwezi huu kuwazindua wenye nyumba juu ya amana hii, kwani DVD haidumu kama watu wadhanivyo. Zile zinazochomwa kwa kompyuta zina utando wa rangi uandikwao kwa mwali wa leza, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevu. Diski yaweza kuonekana nzima kwa macho, wala isisomeke.

Hapana dawa ila kunakili mapema. Njia yetu ya misafara, itokayo Bagamoyo kupita Tabora hata Ujiji, yatupa mfano. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyeipita sana njia hiyo, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazitia katika herufi za Kilatini, zikapigwa chapa katika 1902 na 1903. Mwenyewe alifariki Unguja mwaka 1905, na maneno yake yangali yasomwa, kwa kuwa yalinakiliwa naye yu hai.

Basi programu ipi ichaguliwe? Kwanza mwenye nyumba ajiulize: nataka kuhifadhi nini? Akitaka diski yote kama ilivyo, pamoja na orodha yake ya kuchagulia, ImgBurn hufanya nakala kamili katika faili moja liitwalo ISO. Akitaka picha na sauti tu, pasipo kupunguzwa ubora, MakeMKV yatosha. HandBrake hukaza picha ili faili liwe dogo, lifae kwa simu. Lakini kilichopunguzwa hakirudi. Na diski iliyokwaruzika yahitaji ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka, kisha huzirudia zile mbovu.

Rai yetu ni hii: kwanza ifanywe nakala kamili, na kutoka katika hiyo HandBrake itoe nakala ndogo ya kutazamia. Anayeanza kwa nakala ndogo, kisha akaitupa diski, amepoteza asili. Wala asiogope wingi: DVD ya kawaida huchukua gigabaiti 4.7, kwa hiyo diski ya nje ya gigabaiti 1,000 yaweza kubeba DVD 200 zilizojaa.

Tena kuna jambo zito kuliko hayo. Wengi hupeleka DVD za arusi dukani zikanakiliwe. Humo wamo mama zetu na dada zetu, waliokubali kupigwa picha wakiwa miongoni mwa wanawake wenzao, na picha hizo zaweza kubaki katika kompyuta ya mtu wasiyemjua. Programu tulizozitaja zapatikana bila malipo. Na kompyuta isiyo na mahali pa kutilia DVD huongezewa kisomeo cha nje kwa waya wa USB. Kijana mmoja wa nyumba aweza kuifanya kazi hii mwenyewe, na sitara ya watu ikabaki nyumbani.

Ama filamu na mihadhara iliyonunuliwa, ina wenyewe. Kuinakili na kuiuza ni kula haki ya mtu.

Mwisho, kila nakala ifunguliwe na kutazamwa, mwanzo wake, kati na mwisho, kabla ya kuaminiwa. Ziwe nakala mbili katika diski mbili, na moja iwekwe kwa ndugu wa nyumba nyingine, ili moto au mwizi asizichukue zote kwa siku moja. Na aanze na ile DVD ambayo ikipotea, hapana tena mtu awezaye kuirudia.

Wabillahi tawfiq.